Dada Mwamini, Kamera Ilianguka Kutoka Mikononi Mwangu

Dada Mwamini,

Mimi ndiye niliyevunja kamera yako.

Nimeanza na hilo kwa sababu barua hii nimeshaiandika mara nyingi kichwani, na kila mara nilianza na salamu, nikazungumzia mvua, nikazungumzia miguu ya mama inavyovimba, mpaka nikajikuta nimefika mwisho bila kusema kitu. Mwaka umepita tangu tukulaze pale makaburini Ujiji. Hali yako siwezi kuiuliza. Basi nimetanguliza lile ulilokuwa ukilisubiri kutoka kwangu.

Naikumbuka siku ilipoingia nyumbani. Uliuza kipande chako cha michikichi alichotuachia baba, na mama akanuna wiki nzima. "Mtu anauza miti inayozaa, ananunua jicho la bandia," alisema, akakataa hata kuitazama. Wewe ulitandika khanga safi kitandani, ukailaza juu yake kama mtoto aliyetoka kuoshwa. Nilipotaka kuigusa ukanituma kwanza nikanawe mikono, nikaikaushe, nirudi. Niliporudi uliikagua kidole kwa kidole. Halafu ukaniwekea kamera mikononi, ukaishikilia na wewe kwa chini, na ukanionyesha mkanda wake. "Huu unaingia shingoni kabla ya jambo lolote. Kabla hujawaza picha, waza mkanda."

Baada ya muda mfupi Ujiji nzima ilikuwa inakujua. Mwamini wa picha. Harusi, maulidi, mahafali ya shule za Gungu, ulikuwa wewe. Nilikuwa na cherehani yangu pale Gungu, lakini siku za harusi nilifunga kibanda nikaja kukubebea begi, na nilipenda kukuangalia ukifanya kazi. Hukumpiga mtu picha kabla hajakusahau. Bibi akikaa kwenye kiti amekakamaa, wewe ulikaa chini miguuni pake ukaanza kumuuliza mambo ya ndoa yake, na ni pale alipoanza kucheka kwa siri ndipo kamera iliposikika.

Ila picha yako mwenyewe haikuwepo. Nilikuomba mara ngapi? "Kazi yangu iko huku nyuma," ulisema, ukaufunika uso kwa kiganja. Lile kovu la moto la utotoni, kwenye shavu, lilikuwa bado linakusumbua, ingawa hukulitaja hata siku moja.

Siku yenyewe tulikuwa tunarudi kutoka kwenye harusi kule vijiji vya kaskazini, ufukweni. Mikono yangu ilikuwa na hina, maana bibi harusi alisisitiza na sisi tupakwe. Boti ilifika Kibirizi kama saa nne asubuhi. Dagaa walikuwa wameanikwa mpaka karibu na maji, wapagazi wameingia ziwani mpaka mapajani wakipokea mizigo, kila mmoja na kizibao chake chenye namba. Ulitaka kuwahi bodaboda kabla watu hawajazigombania, kwa hiyo ukashuka wa kwanza. Ukalikusanya gauni lako mkononi, ukanigeukia.

"Shika begi. Usilifungue mpaka tufike juu."

Ukaingia majini. Wimbi likakupiga, likakulowesha mpaka kiunoni, nawe ukapiga yowe, kisha ukacheka. Ulicheka umeinua kichwa, uso wote uko wazi kwenye jua, mkono mmoja umeshika gauni na mwingine uko hewani. Dada, sijawahi kukuona hivyo. Nikawaza kwamba ikipita hii haitarudi. Nikafungua zipu.

Mkanda sikuuvaa. Ulikuwa umejikunja chini ya kamera, na kuukunjua kungenichukua muda ambao wewe usingenisubiri. Nikaiinua, nikabonyeza mara moja. Hapo boti nyingine ilikuja kuegesha, ikagonga yetu ubavuni. Nilipepesuka, kamera ikanitoka ikigeuka kunielekea, na kidole kikagonga kitufe tena. Ilipiga chuma cha injini, ikadundia kwenye maji yaliyotuama sakafuni mwa boti. Mlio wake haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama wa mtu anayevunja njugu kwa meno.

Niliiokota haraka. Kioo cha lenzi kilikuwa kimepasuka, na nilipoiinamisha, maji yalitoka kwenye mdomo wake pamoja na magamba mawili ya dagaa. Nikatazama kulia na kushoto. Mama aliyekaa karibu yangu alikuwa anahangaika na kuku wake. Wengine walikuwa wamenipa mgongo, wanashuka. Hakuna aliyeona. Nikaifuta kwa khanga, nikairudisha begini, nikafunga zipu mpaka mwisho.

Nilikuwa nimeamua kukwambia. Nataka uliamini hilo, ingawa sijui kama mimi mwenyewe naliamini. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kuanzia, ndipo mpagazi akafika pembeni ya boti na mikono yake miwili imenyooshwa. Nilimjua kwa sura na jina, kama wewe ulivyomjua. Filipo, yule mrefu mpole kutoka Kalinzi, ambaye siku zote alikutania kwamba ukimpiga picha kamera itaomba likizo.

"Lete, dada," akasema.

Nikampa.

Yaliyofuata ulikuwepo, lakini wacha niyaseme, maana kwa miaka yote hii tuliyasema kwa namna yangu. Kule juu, mbele ya bodaboda, ulishika begi ukahisi limelowa. Ukalifungua. Hukupiga kelele mara moja. Ulitoa kamera, ukaigeuza, ukaitikisa karibu na sikio, na uso wako ukawa kama wa mtu aliyeitwa na sauti ya mbali.

"Filipo. Umeifanya nini?"

"Sijaifanya kitu, dada. Begi nimelipokea likiwa linachuruzika."

"Umeliangusha majini!"

"Sijaliangusha. Muulize mdogo wako. Yeye ndiye aliyenipa."

Mkanigeukia wote wawili. Dada, nilikuwa na nafasi. Haikuwa fupi. Nakumbuka mwanamke aligeuza dagaa zake upande mmoja mpaka mwingine, na mimi bado sijasema neno. Halafu nikasema, "Mimi nilimpa likiwa zima."

Kiongozi wa wapagazi alikuja. Watu wakajaa. Filipo hakubishana tena. Alikuwa ananitazama, na kilichonitesa ni kwamba hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize sentensi. Kiongozi akamwambia avue kizibao, na yeye akakivua, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya gunia la mtu. Akapanda barabara kwa miguu, suruali bado inadondosha maji. Sikumwona tena Kibirizi.

Fundi wa mjini aliifungua, akaikausha, akakaa nayo siku tano. Alipotuita, alituonyesha bodi iliyoungua na kile kioo cha ndani kinachopokea picha, kimeingia ukungu kama jicho la mzee. "Hii ni ya kuweka tu ukumbusho," alisema. Akakupa kadi ya kumbukumbu mkononi. "Hii nzima. Picha za harusi zote zimo."

Ukaenda nayo chumbani kwako, ukanakili picha kwenye kompyuta yako ndogo, na bibi harusi akapata picha zake. Baada ya hapo uliniita. Ulikuwa umekaa kitandani, kamera iliyokufa iko mapajani.

"Huna la kuniambia?"

"Sina, dada. La nini?"

Ulinitazama kidogo. "Basi."

Nilidhani picha niliyokupiga ilikufa na maji, na kwamba unanishuku tu. Nilijiambia itapita. Lakini haikupita, wala haikukua. Ilikaa nyumbani pamoja nasi. Ulianza kupiga picha kwa simu, na wateja wakawa wanakuita kwa huruma, mwishowe wakaacha. Ukarudi sokoni kuuza mawese, mafuta ya michikichi ya watu wengine. Kipande changu mimi nilikuwa nacho bado. Sikuwahi kusema, chukua hiki, ununue nyingine. Kukupa kungekuwa kama kukiri, na nilishakuwa hodari wa kupita mbali na jambo hilo kama mtu anavyozunguka shimo barabarani hata gizani.

Na kila baada ya muda, tukipepeta mchele, au nikikusuka, ulirudia swali lile lile kwa sauti ile ile. Huna la kuniambia? Hukuwahi kukasirika. Nami nilijibu upesi, upesi mno. Sina.

Ugonjwa wako ulikuwa wa siku nne. Siku ya tatu, mchana, wodini, mama alitoka kwenda kuchukua uji. Ulikuwa umefumba macho nikadhani umelala. Ukasema, "Mdogo wangu, huna la kuniambia?"

Nilikushika mkono. Ulikuwa wa moto. Nikasema, "Pumzika kwanza. Ukipona tutaongea."

Ukaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Kesho yake ulikuwa umeondoka.

Tangu hapo sikupata utulivu. Sisemi kwamba nilikuona. Sikukuona. Lakini nikiwa kibandani, cherehani ikisimama ghafla, kabla kelele za barabara hazijarudi, nilisikia ule mlio wa njugu. Sindano ikikatika nilishtuka nikatazama miguuni kama kuna maji. Nilikuwa nikikanyaga penye unyevu tu, hata sakafu iliyotoka kupigwa deki, naruka nyuma. Kibirizi sikwenda. Dagaa nilinunua kwa wanaopitisha mtaani, ghali na wabaya, na mama akalalamika, nami nikasema kule ni mbali. Usingizi wa mchana ndio ulikuwa mbaya zaidi. Nilisikia umekaa ukingoni mwa kitanda, godoro limebonyea upande mmoja, na unasubiri. Nikifumbua macho hakuna mtu, lakini mkono wangu ulipapasa pale, na sikuthubutu kuukandamiza kujua kama pana joto.

Mama ndiye aliyenisukuma bila kujua. Alitaka picha yako ya kuweka ukutani. "Mtu aliyepiga picha mji mzima," alisema, "mimi nikae nikimtafuta kichwani kwangu?" Tulipekua simu yako, hakuna. Nikapekua droo yako. Kadi ile ilikuwa ndani ya bahasha, chini kabisa, imefungwa kwa uzi mwekundu. Nikaipeleka steshenari pale Gungu, binti wa pale akaifungua kwenye kompyuta, akashusha picha za harusi moja moja mpaka mwisho.

Picha ya kabla ya mwisho ni wewe. Uko majini, umeinua kichwa, unacheka, kovu liko juani na wala halionekani kama kovu, linaonekana kama sehemu ya kicheko. Nyuma yako kidogo yuko Filipo, amesimama majini, anakutazama naye anacheka. Mikono yake mitupu.

"Mzuri huyu," binti alisema. "Nani?"

Alikuwa ameshabonyeza, na picha ya mwisho imetokea. Imepinda, nusu yake ni anga na nusu mbao za boti. Katikati upo mkono wenye hina, vidole vimefunguka, unajaribu kukamata kitu kilichokwisha kutoka. Na nyuma ya mkono ni uso wangu, mdomo wazi.

Kamera ilinipiga picha ikiwa inaanguka. Na wewe uliiona siku ile ile fundi alipokupa kadi. Uliiona kabla hujaniita chumbani kwako. Miaka mitatu yote ulikuwa unauliza jambo unalolijua.

Binti alinitumia picha zile mbili kwenye simu, nikamlipa nikatoka, nikapita nyumbani nikasahau hata kumwambia mama kwamba picha imepatikana. Kesho yake asubuhi nilichukua bodaboda kwenda Kalinzi. Njia ile inapanda mpaka masikio yanaziba, na ziwa likabaki chini kama bati. Kule juu baridi, migomba, mibuni, watu wanashuka kwa vijia vya miguu na vikapu vichwani. Nilimuulizia Filipo aliyekuwa mpagazi Kibirizi. Mama mmoja alinijibu "Mwakeye" kabla hajajibu swali, nami nikaona aibu kwamba nimesahau kusalimia, kisha akanielekeza.

Alikuwa anapukuchua mahindi uani. Amekonda. Alinitambua kabla sijashuka kwenye pikipiki, akanyanyuka, akamwambia mkewe alete kiti.

"Mdogo wake Mwamini," alisema. "Karibu. Dada hajambo?"

Hakuwa anajua. Ikabidi hilo liwe la kwanza kumwambia. Aliyaweka mahindi chini, akaingia ndani, akatoka na Biblia yake, akaifungua katikati, akatoa picha. Ilikuwa ile ile. Wewe unacheka, yeye nyuma yako, mikono mitupu.

"Aliniletea hii mwaka ule ule," alisema. "Alikuja peke yake, akakaa hapo uliposimama wewe. Akaniambia, 'Filipo, tazama mikono yako. Haina kitu. Nisamehe.' Nikamuuliza, sasa nani aliyeivunja? Hakunitajia. Alisema, 'Atakuja mwenyewe.'"

"Akasema hivyo?"

"Ego, alisema. Alitaka tushuke wote Kibirizi akawaambie. Nikamkatalia. Nikamwambia, kama mwenyewe atakuja, basi na aje ayaseme kwa mdomo wake." Akaipangusa picha kwa pindo la shati. "Niliposikia pikipiki miaka ile ya kwanza nilikuwa natoka kutazama. Baadaye nikaacha."

Nikamwambia, Dada. Nilimwambia yote, mkanda, wimbi, khanga, zipu. Nilimwambia kwamba alipoiweka mikono yake mbele yangu niliona njia ya kutokea, nikapita. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kiti mikononi, akakiweka chini taratibu, akarudi ndani.

Filipo hakuniambia amenisamehe. Sitaki nikudanganye, na wewe si mtu wa kudanganywa tena. Aliirudisha picha ndani ya Biblia. Halafu akasema, "Baba yangu alifariki mwaka uliofuata. Alifariki akijua mwanawe alifukuzwa kazi kwa kuharibu mali ya mtu na kukana. Mimi nilimwambia sivyo. Alisema sawa, lakini niliona hakuamini." Akanigeukia. "Huyo huwezi kumwambia. Lakini Kibirizi wapo."

"Twende wote?"

"Mimi nina mahindi. Nenda wewe. Jina langu liko kule, mimi siko kule."

Nilishuka siku hiyo hiyo. Nilifika Kibirizi boti za mchana zinapakia. Kiongozi wa wapagazi ni yule yule, mvi zimeongezeka. Nikamwomba nafasi ya kusema na watu wake. Akadhani nimeibiwa. Akawaita. Wakaja kumi na kitu, wengine hawakuwepo siku ile, na wanawake wa dagaa wakasogea, maana Kibirizi hakuna jambo la watu wachache.

Nilisema kwa sauti. Sauti ilikatika mara mbili, nikaanza upya. Nikawaonyesha picha zote mbili kwenye simu, ikapita mkono kwa mkono, na nilisikia mmoja anamwambia mwenzake, "Si nilisema mimi? Filipo hana mkono wa kuangusha." Mwanamke mmoja aliinyanyua simu mpaka karibu na macho, akanitazama, akaitazama tena. "Kumbe ni wewe," alisema. "Na ukasimama pale pale, ukatuangalia."

Kiongozi alirudisha simu. "Sasa unataka tufanye nini?"

"Mumwite. Kama atakataa ni juu yake. Lakini aitwe."

Walimpigia mbele yangu. Niliisikia sauti yake ikisema amesikia, anashukuru, ana mahindi. Hajarudi. Huenda asirudi. Kiongozi anasema kizibao chake kiko ofisini, hakupewa mtu mwingine ile namba, ingawa sijui kama ni kweli au anajisafisha na yeye.

Sasa niseme na langu, maana barua hii si ya kupiga magoti tu. Uliniacha, Dada. Ulikuwa na picha, ulikuwa na ukweli, na ulikaa ukinisubiri kwa upole mpaka ukafa. Ungenipiga kofi. Ungeniwekea ile picha mbele ya sahani yangu. Filipo alikaa kule mlimani, baba yake akazikwa, kwa sababu wewe ulitaka mimi nije mwenyewe, na mimi nilikuwa mwoga zaidi ya ulivyodhani. Siku nyingine nalia kwa sababu uliniheshimu kiasi hicho. Siku nyingine nakukasirikia mpaka nazima cherehani. Sijui lini vitu hivyo viwili vitapatana.

Mama nimemwambia. Jioni ndipo akasema, nimpelekee tu picha yako. Imetundikwa sebuleni. Nimeikata, nimekuacha wewe peke yako na maji. Picha nzima, yenye Filipo, anayo mwenyewe tayari. Mama huongea na wewe akipita na ufagio. Mimi bado siwezi. Napita nimeinamisha macho, na nahisi unanifuata mpaka mlangoni.

Godoro bado linabonyea, mchana mwingine. Nilidhani nikisema utaondoka. Hukuondoka, ila sasa sinyanyuki kwa hofu. Nalala upande wangu.

Kibirizi naenda kila Jumamosi, kwa miguu, katikati ya dagaa na wapagazi. Hawanijui kwa jina. Wakiniona nashuka wanaambizana, kisha mmoja anapaza sauti, "Wewe wa kamera!"

Naitika.

Lala salama, Dada. Ni mimi,
mdogo wako.